Ukiona mtu kaunda kitu kizuri, muulize kwanza anajishughulisha na nini

Watu wanaopenda kuunda vitu wakikutana hapa Kigoma wanaongelea vitu tu. Umetumia aisii gani (kile kidude cheusi chenye miguu kinachokuza sauti), boksi umepiga plaiwudi au MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa), transfoma umeitoa wapi, spika inchi ngapi, besi inagonga vipi. Masaa mawili yanapita hivyo na hakuna aliyemuuliza mwenzie bwana we asubuhi huwa unaelekea wapi, nini kinakuweka mjini. Nadhani wengine wanaona kutaja kazi ni kujishusha, yaani ukisema mimi nauza dagaa Kibirizi basi ile amplifaya yako itaonekana umebahatisha, na wa maofisini nao wanaficha wasije wakaambiwa wana muda wa kuchezea.

Mimi naona hapo ndo tunapopoteza. Ushauri wangu wa leo ni mmoja tu na nitauzungushazungusha mpaka ueleweke: ukikiona kitu alichounda mwenzio ukakitamani, kabla hujatuma hela Kariakoo kuagiza spea, muulize huyo mtu anakula kwa kazi gani. Jibu lake litakuambia kile kitu kimewezekanaje, muda kaupata wapi, vifaa kavipata wapi, na kama wewe na maisha yako ulivyo utakiweza au utakiacha nusu kiwe kiota cha panya.

Nianze na mimi mwenyewe isije ikaonekana nawachunguza watu. Nina steshenari hapa Mwanga. Fotokopi, kuprinti, laminesheni, picha za paspoti, kutia spairo ripoti za wanafunzi wanaokuja zimebaki dakika kumi waziwasilishe na hapo hapo wanataka kurekebisha jina la msimamizi. Jioni nikishafunga na Jumapili baada ya ibada naunda amplifaya na sabufa, siyo biashara, ni kupenda tu, nilianza nikiwa mdogo nafungua redio za nyumbani na kuchapwa.

Sasa watu wakiona bodi zangu za saketi wanashangaa, mistari imenyooka, matundu yamekaa sawa, maandishi yanasomeka, wanasema huyu kasomea. Sijasomea. Ni printa. Printa ya leza ipo dukani inanisubiri, na hicho ndo kitu ambacho mwenzangu anayechora saketi kwa maka peni hana. Namna inavyofanyika ni hivi, drafti, yaani mchoro wa mistari ya saketi, unaiprinti kwa leza, siyo printa ya wino wa maji, maana tona ni unga wa plastiki na ndo unaoyeyuka kwa pasi na kushika kwenye shaba. Unaiprinti ikiwa imegeuzwa kushoto kulia, kwenye karatasi laini ya kung'aa, mimi natumia kalenda za mwaka uliopita ambazo dukani hazikosekani. Bodi ya shaba unaisugua na stilwaya mpaka ing'ae, ukishaing'arisha usiiguse tena na vidole kwasababu mafuta ya mkono yanakataa tona. Unalaza karatasi, unakandamiza pasi kavu isiyo na mvuke, unapita pita hasa kwenye kona ambako watu wengi wanapasahau, afu unaitumbukiza kwenye beseni la maji uiache karatasi ilainike, usiivute, unaisugua kwa dole gumba taratibu inatoka kama ukoko wa ugali na mistari myeusi inabaki kwenye shaba.

Baada ya hapo kuna kuila shaba isiyofunikwa na tona, yaani kuiyeyusha ili ibaki ile mistari tu. Dawa yenyewe inayotumika sana ni feriki kloridi, huku kwetu kuipata ni kuagiza. Aliyenitoa kwenye shida hiyo ni dada mmoja anayeuza duka la dawa, naye anapenda haya mambo, akaniambia hidrojeni peroksaidi ile ya asilimia 3 ya kuoshea vidonda ukichanganya na siki na chumvi inakula shaba, polepole lakini inakula. Na kweli. Fanya nje penye hewa, vaa glovu, chombo kiwe cha plastiki, na yale maji yakishakuwa ya kijani-bluu yana shaba ndani usiyamwage mtaroni wala shambani, kila mtaro hapa unajua unapoishia, ni ziwani tunakokunywa. Yeye yamekaa kwenye dumu lenye maandishi makubwa watoto wasiguse. Unaona sasa, saketi moja hiyo, nusu ni kazi ya steshenari nusu ni kazi ya duka la dawa, umeme wenyewe bado hatujaugusa.

Kuna mtu mkubwa sana kwenye mambo ya umeme anaitwa Michael Faraday, Mwingereza, huyu alikuwa mwanagenzi wa kujalidi vitabu London, kaanza akiwa na miaka 14 na akakaa miaka saba, akawa anasoma vitabu vya wateja anavyovijalidi, akisoma habari za umeme anaenda kujaribu kuunda vifaa vyake mwenyewe kwa hela ndogo aliyonayo. Mwaka 1813 ndo akapata kazi ya msaidizi wa maabara. Nikiwa natia spairo ripoti ya mtu wa uhandisi huwa naisoma kidogo, samahani kwa wote ambao nimewasomea.

Haya tuondoke dukani. Kuna jamaa yangu wa Katonga ni mvuvi wa dagaa. Huyu spika hana habari nazo, yeye anaunda taa. Kwa wasiojua, dagaa wa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa kuwavuta na mwanga, zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, sasa hivi wengi wamehamia taa za LED za betri. Giza ndo kazi. Mbalamwezi ikishakuwa kubwa mwanga wa taa unamezwa, dagaa hawakusanyiki, kwa hiyo boti nyingi zinatulia ufukweni siku kadhaa mpaka mwezi upungue. Sasa wewe mwenye kibarua cha Jumatatu mpaka Jumamosi ukiangalia taa za huyu bwana ukasema na mimi nitaunda nne nimalize ndani ya wiki kama yeye, utagombana na mkeo bure. Yeye ana siku zake kila mwezi ambazo hana pa kwenda, anakaa chini ya mwembe anaunda toka asubuhi, mchana analala, anaendelea. Wewe huna huo mwezi. Ratiba yako ni nusu saa nusu saa usiku na watoto wamelala, kwa hiyo chagua kitu ambacho kinaweza kukatwa vipande vya nusu saa na kikafunikwa kwenye boksi bila kuharibika.

Halafu mwaka 2024 Serikali ilifunga shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika miezi mitatu, kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Huyo jamaa muda ulimwagika, hela ndo ikakauka. Na ukiziangalia taa alizounda kipindi kile utaona kabisa ni taa za mtu mwenye muda asiye na hela. Bati la nyuma linalopoza LED limekatwa kwenye mfuniko wa sufuria ya alumini iliyotoboka, kioo ni mtungi wa plastiki wa siagi ya karanga, silikoni ndo kitu pekee alichonunua. Lakini nenda karibu uangalie pale waya unapoingia. Kabla waya haujafika kwenye risasi ya kuchomelea kaupiga fundo kwa ndani ya mfuniko, dogo, limekazwa, afu ndo kapaka silikoni juu. Ukiuvuta ule waya kwa nguvu zote fundo ndo linabeba, sehemu iliyochomewa haijui kitu. Sisi wa nchi kavu tunachomea risasi tunafurahi, siku ya tatu mtoto anavuta waya unang'oka na kipande cha bodi. Mvuvi yeye kamba ndo uhai wake, hawezi kuacha kitu kining'inie kwa risasi. Hilo fundo nimelichukua, kila amplifaya yangu siku hizi inalo, na nisingejua kama ni fundo la kivuvi kama nisingemuuliza anafanya nini.

Nesi mmoja, dada yetu kwenye zahanati moja huku, anaunda redio na chaja za sola. Huyu waya zake zote zina plasta nyeupe imezungushwa na kuandikwa kwa peni, jina la waya, tarehe, na saa. Saa! Nikamwambia dada saa ya nini akasema kaka mimi nikitoka zamu ya usiku sikumbuki hata jina langu, kama sijaandika nimeunganisha nini saa ngapi kesho naanza upya. Na akitaka kuchomea transista anabana mguu wa hiyo transista kwa ile foseps ya kubania mishipa, inanyonya joto lisipande likaua transista. Na tuelewane, ni yake kanunua, siyo ya zahanati, maana najua kuna mtu keshaanza kunyoosha kidole. Kwa hiyo wewe ambaye huna kazi ya kuandika andika, ukitaka mfumo wa kumbukumbu usiende kuuliza fundi wa sabufa, muulize nesi au karani wa stoo.

Fundi seremala wa maboti anayepiga mabodi upande wa Ujiji ndo mwenye maboksi bora ya sabufa niliyowahi kuyasikia, na spika zake ni za kawaida kabisa, za kung'oa. Siri ni kalafati. Yeye hawezi kuvumilia tundu, mkono wake umezoea kutafuta pale mbao mbili zinapokutana na kuziba, kwenye boti maji yasiingie, kwenye boksi upepo usitoke. Boksi la sabufa lenye upenyo linapuliza vuuu kila besi ikigonga na watu wanafikiri spika imekufa, wananunua nyingine. Kabla hujanunua washa muziki mzito pitisha mkono uliolowa maji kwenye viungo vyote, baridi utaisikia pale upepo unapotoka.

Mzee wetu mstaafu wa reli naye ana lake. Ukimpelekea boksi, baada ya shikamoo na habari za nyumbani, haombi hata uliwashe, analigonga kwa kifundo cha kidole ubavuni, nyuma, juu, kichwa kimeinama. Nikaja kuelewa, ujanani alikuwa anagonga magurudumu ya mabehewa kwa nyundo ya mpini mrefu anasikiliza, gurudumu zima mlio wake unaenda mbali, lenye ufa mlio unakufa pale pale. Kwa boksi ni kinyume, ubavu ukiita muda mrefu maana yake mbao inacheza, tia ubao wa kukaza kwa ndani kutoka ubavu hadi ubavu. Hakuna kifaa cha bei pale. Ni sikio lililolipwa mshahara miaka mingi.

Huyo mzee ndo anapenda kutusimulia ya Liemba, ile meli ya zamani ya Ziwa Tanganyika, na mimi nilikuwa naichukulia kama historia tu ya shule mpaka alipoisimulia kifundi. Meli ilijengwa Ujerumani, Papenburg, mwaka 1913, ikafunguliwa yote ikapakiwa kwenye maboksi kama 5,000, ikaja kwa meli mpaka Dar es Salaam, ikapanda treni kuja huku mwisho wa reli, wakaiunganisha upya hapa hapa na mwaka 1915 ikashushwa majini ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani walipoona wanakimbia wakaizamisha wenyewe, lakini waliokabidhiwa kuizamisha ni wale wale mafundi waliotoka kiwandani kuja kuiunganisha, akina Anton Rüter. Mtu mwingine angeilipua. Hawa injini wakaipaka girisi nzito kwanza ndo wakaizamisha. Waingereza wakaiibua 1924, injini bado zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mzee akimaliza hapo anakuuliza na wewe drili yako umeipaka nini. Toka siku hiyo vyuma vyangu vyote kabla ya masika vinapata girisi, na kama unakaa karibu na ziwa fanya hivyo hivyo.

Mwalimu wa fizikia tunaye, na kwa kweli huyu katuokolea hela nyingi kuliko yeyote. Kuna aisii inaitwa TDA2030, ipo kila mahali, bei rahisi, watu wanaanzia hapo. Uwezo wake wa juu kabisa ni volti 18 chanya na 18 hasi. Sasa mtu anaenda kununua transfoma, anaambiwa kuna 12-0-12 na kuna 15-0-15 (volti 12 au 15 kila upande, sifuri katikati), anafikiri 15 bado iko chini ya 18 kwa hiyo nipo salama na nitapata sauti zaidi. Mwalimu anasema zidisha mara 1.41 kwanza, kwasababu ukishapitisha kwenye dayodi na kapasita, zile zinazougeuza umeme wa transfoma uwe kama wa betri, unapata kilele cha wimbi, siyo ile namba iliyoandikwa kwenye transfoma. Ile 12 inakuwa kama 17, toa kidogo ya kwenye dayodi upo kwenye 16, salama. Ile 15 inakuwa 21, hata ukitoa ya dayodi umeshavuka 18, na umeme wetu ukipanda kidogo usiku wa manane watu wamezima vitu aisii inapiga moshi. Kama transfoma ya 15 ndo uliyonayo tafuta TDA2030A, ile yenye A mwishoni, inabeba mpaka 22, japo na hapo unakuwa umebakiza nafasi ndogo. Mwalimu anapiga hesabu hizi kabla ya kununua kwasababu mshahara ni mwisho wa mwezi na hana pa kurudia. Fundi simu pale stendi akiunguza aisii anachomoa nyingine kwenye droo. Wote wawili wanakushauri, wote wana nia njema, lakini ukifuata ya fundi simu na mfuko wa mwalimu utalia.

Wa bodaboda kazi zao zote ni volti 12 na wanazijua kuliko sisi, waya wa unene gani, fyuzi ikae karibu na betri siyo mwisho wa waya, wapi mtikisiko unakata. Waulizeni hayo. Ya umeme wa ukutani volti 230 msiwaulize, na wao wenyewe wawe waangalifu wakihamia huko, maana kwenye 12 unaweza kushika waya ukicheka na kwenye 230 huchekewi. Fundi cherehani yeye mpelekee kitambaa cha mbele ya spika, atakivuta kikae bila mkunjo dakika mbili na wewe ungehangaika siku nzima.

Kwa hiyo na wewe kaa chini ujiulize kazi yako inakupa nini. Usikimbilie kusema haihusiani. Nimesikia mtu anasema mimi nauza mawese sokoni haihusiani, dada, wewe unajua kupima kwa jicho dumu lina lita ngapi, boksi la sabufa ni hesabu ya lita. Mlinzi ana usiku mzima wa kusoma. Mwenye grosari anajua nani anauza friji bovu, na friji bovu lina kompresa ina waya wa shaba. Kule Marekani ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright, walikuwa na duka la kuuza na kutengeneza baiskeli mji wa Dayton, na ile ndege yao ya mwaka 1903 injini ilikuwa inazungusha mapanga kwa minyororo na sproketi, yaani nyororo za kibaiskeli zimekubali kuruka. Waliunda kwa mkono wa kazi yao.

Sasa hela, hapa nitasema kwa ukali kidogo. Kazi na hobi visile sahani moja. Mimi nina utaratibu, hela ya laminesheni ndo ya spea, basi. Fotokopi ni kodi ya fremu na ada, kuprinti ni chakula, paspoti ni akiba. Kuna wiki mitihani imekaribia watu wanalaminesheni vyeti mpaka mashine inachemka, wiki hiyo naagiza transfoma. Kuna mwezi hakuna, naunda boksi kwa vipande vilivyopo au nasafisha meza. Mke wangu anajua hiyo laminesheni haiguswi kwa mboga na mimi najua fotokopi haiguswi kwa kapasita, tangu tumekubaliana hivyo hakuna kelele ndani ya nyumba zaidi ya zile za sabufa yenyewe. Wewe tafuta kijito kimoja kidogo kwenye kipato chako ambacho kikikauka hakuna mtu atalala njaa, hicho ndo kiwe cha kuundia. Kama kazi yako ni mshahara tu weka kiasi siku ile ile unayopokea, kikiisha kimeisha subiri.

Halafu kuna hili la "bana nitengenezee na mimi". Litakuja tu. Shemeji atakuja, jirani atakuja, mzee wa kanisani atataka ya kwaya. Mimi sikatai lakini spea mtu ananunua mwenyewe, namwandikia orodha anaenda nayo, akirudi nazo ndo naanza. Asilimia kubwa hawarudi na urafiki unabaki ulivyo. Na wanaorudi wanakuwa wameshaijua bei ya vitu kwa hiyo hawakuambii umewapiga. Vya sherehe na matangazo siundi kabisa, ile ikizima katikati ya harusi hutaeleza kuhusu aisii.

Na swali ambalo vijana wananiuliza sana, kwanini usiache steshenari ukafanya hii iwe kazi. Kuna jamaa yangu mmoja aliacha kibarua chake akafungua banda la kutengeneza sabufa na tivii. Anakula vizuri, sisemi hali. Ila ukimuuliza umeunda nini anakaa kimya kidogo afu anaongelea kitu cha zamani. Siku nzima anabadilisha aisii zile zile kwenye sabufa zile zile za Kichina, ikifika jioni hataki hata kusikia mlio. Hiyo ni kazi halali na mjini inahitajika, lakini ujue kwamba kutengeneza vya watu na kuunda vyako ni vitu viwili na kimoja kitakula muda wa kingine. Steve Wozniak, mmoja wa walioanzisha Apple, kompyuta ya kwanza ya Apple aliiunda mwaka 1976 akiwa bado muajiriwa wa kampuni ya Hewlett-Packard, kwenye kitengo cha kikokotoo, akawaonyesha kwanza waajiri wake wakaikataa, na hakuacha kazi mpaka 1977 pale biashara ilipokuwa imeshasimama. Na huyo ni Wozniak. Wewe na mimi tuna haraka gani?

Nikiangalia, wanaofurahia hili jambo muda mrefu ni wale ambao kazi yao ya mchana haifanani sana na wanachounda usiku lakini inakikopesha kitu. Fundi umeme wa majumbani tunaye mmoja, yeye anaunda vinyago vya magari ya mbao ya watoto, umeme kauacha site. Namuelewa.

Sasa wewe ambaye unasoma hapa na huna kazi yoyote kwa sasa, umemaliza shule upo nyumbani, najua unasema haya yote hayanihusu. Yanakuhusu na pengine kuliko wote, maana muda unao kama yule mvuvi wakati ziwa limefungwa. Usianze na amplifaya ya wati mia tano uliyoiona mtandaoni imeundwa na mtu mwenye karakana. Tafuta banda la fundi yeyote anayekubali ukae, seremala, fundi redio, mchomeleaji, msalimie vizuri, mwambie mzee naomba nikae hapa asubuhi nikusaidie kufagia na kushika shika, na usiombe hela mwezi wa kwanza. Vibovu anavyotupa muombe. Kwenye redio moja mbovu kuna transfoma, kapasita, swichi, spika, waya, na skrubu ambazo dukani ni hela. Kuna VETA, chuo cha ufundi stadi, hapa Kigoma mjini, nenda uulize kozi fupi zinaanza lini na ada ni kiasi gani kabla hujasema huwezi. Na mtu akikuuliza unajishughulisha na nini usiseme nipo nipo tu, sema nakaa kwa fundi fulani nashika mbao, anayeulizia atakumbuka siku ana kazi ya kushika mbao.